Kabla Tingatinga Halijafika: Mbinu za Kuliombea Eneo la Kale Ulinzi wa Serikali

Nyuma ya mtaa wenu kuna msikiti wa kale wa matumbawe, umebakia kuta na kibla. Au kuna kaya, msitu mtakatifu wa Wamijikenda, ambayo wazee bado wanaitunza. Au kuna jumba la korti ya zamani ambalo kila mtu analijua, lakini hakuna anayejua hati yake iko wapi. Nyote mnakubaliana kwamba mahali hapo pana thamani. Siku mwenye pesa atakapofika na ramani yake na tingatinga lake, makubaliano yenu hayatamzuia. Atazuiwa na karatasi.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Nchini Kenya, daftari la mahali pa kale ni Gazeti Rasmi la Serikali, na kanuni zake zimo katika Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006. Mpango wenyewe ni mfupi. Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, yaani NMK, huchunguza na kushauri. Waziri anayehusika na turathi hutangaza. Umma hupewa miezi miwili ya kupinga. Kisha Waziri huthibitisha tangazo au huliondoa.

Wewe huna mamlaka ya kutangaza chochote. Una uwezo wa kuandaa faili iliyokamilika, kuipeleka mahali panapofaa na kuifuatilia mpaka mwisho. Hivi ndivyo utakavyofanya.

Jua unachoomba

Tenganisha vitu vitatu. Kwanza, jengo au mahali penyewe, ambapo Waziri anaweza kupatangaza kuwa kumbukumbu ya kitaifa. Pili, ardhi inayopazunguka, ambayo inaweza kutangazwa kuwa eneo la hifadhi. Tatu, vitu vya kale vinavyohamishika, kama milango, vyombo na shanga. Kila kimoja kina taratibu zake. Ukiandika tu "tunaomba mahali petu palindwe," afisa atalazimika kukisia unataka nini. Mwambie wazi.

Usisumbuliwe na umri. Watu wengi hudhani lazima jengo liwe na miaka mia kadhaa. Kwa vitu vinavyohamishika, sheria ina mstari wake: vilivyotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Lakini mahali au jengo linaweza kutangazwa hata kama si la zamani sana, mradi lina umuhimu wa kihistoria, kitamaduni, kisayansi au wa usanifu. Jela ya Kapenguria, alikofungwa Jomo Kenyatta na wenzake watano katika miaka ya 1950, leo ni makumbusho. Shule, kituo cha reli au nyumba ya mwanasiasa vinaweza kustahili pia.

Amua ni jambo la kaunti au la taifa. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeiachia serikali ya kitaifa kumbukumbu za kale na za kihistoria zenye umuhimu wa kitaifa. Kaunti zimepewa shughuli za kitamaduni na makumbusho ya ngazi yao. Kama habari ya mahali penu inagusa wilaya moja tu ya zamani, anza na idara ya utamaduni ya kaunti. Kama inagusa historia ya nchi, lenga NMK, na bado ipelekee kaunti nakala. Kaunti ndiyo hutoa vibali vya ujenzi, kwa hiyo utaihitaji.

Usianze na UNESCO. Orodha ya Urithi wa Dunia hupelekewa maombi na serikali peke yake, na itataka kuona kwanza kwamba nchi yenyewe imepalinda mahali hapo. Tazama mpangilio wa miaka. Thimlich Ohinga, boma la mawe lililoko Kaunti ya Migori, lilichapishwa katika Gazeti Rasmi mwaka 1981, likaingia orodha ya dunia mwaka 2018. Mji wa kale wa Lamu ulitangazwa 1986, ukaingia 2001. Kaya za kwanza za Wamijikenda zilitangazwa 1992, zikaingia 2008. Notisi ya nyumbani ilitangulia kila mara. Anza nayo.

Andaa faili

Anza na ardhi. Nenda afisi ya ardhi ukafanye search ya kiwanja. Unataka kujua jambo moja: ardhi ni ya nani kwa maandishi? Inaweza kuwa ya mtu binafsi, ya umma, ya jamii au ya wakfu. Jibu hilo ndilo litakaloamua unazungumza na nani. Maombi mengi hukwama hapa kwa sababu wanaoomba walidhani ardhi ni ya kijiji, kumbe ina hati ya mtu anayeishi Nairobi.

Kama ardhi ni ya jamii, isajilini. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 imetoa utaratibu. Jamii yenye ardhi iliyosajiliwa husimama mbele ya afisa ikiwa mmiliki. Jamii isiyo na usajili husimama kama mlalamishi. Usajili wa ardhi na ombi la ulinzi mnaweza kuvifanya kwa wakati mmoja.

Mwone mwenye mali mapema, kabla hajasikia kwa watu. Mweleze kwamba kutangazwa hakumnyang'anyi hati yake. Kunamwekea masharti juu ya anachoweza kujenga, kubomoa au kubadilisha. Mweleze pia kwamba sheria inamruhusu kuandikiana mkataba na NMK kuhusu utunzaji: nani atakarabati, umma utaingia lini, na taarifa itatolewa vipi kama anataka kuuza. Mwenye mali aliyeshirikishwa mwanzoni huwa shahidi wenu. Aliyeshtukizwa atakuwa wa kwanza kuandika pingamizi.

Pima mahali penyewe. Simu yako inatosha kuanzia. Simama kwenye kila pembe ya eneo na uandike nambari za GPS. Kisha chora mchoro wenye kaskazini, barabara, visima, makaburi na miti mikubwa. Mkipata pesa, mwiteni savea aliyesajiliwa. Notisi inataka mpaka unaoeleweka, na mpaka usioeleweka ndio mlango wa mabishano ya baadaye.

Usikaze mpaka kwenye ukuta. Fikiria kinacholifanya jengo liendelee kuishi. Mji wa kale wa Lamu wenyewe ni hekta 16 tu, lakini ulinzi wake umeenea hadi kwenye mikoko ya upande wa Manda na vilima vya mchanga vya Shela. Mchanga wa Shela ndio unaohifadhi maji ya mji. Ukijengwa mahoteli, mji unabaki na majumba mazuri na visima vya maji ya chumvi. Kwa hiyo jiulize: maji yanatoka wapi? Njia ya kuingilia ni ipi? Upande gani ukijengwa ghorofa, mahali hapa pamekwisha? Sehemu hizo ziingize kwenye mchoro.

Piga picha kwa mpangilio. Pande zote nne kwa mbali, kisha kwa karibu: nyufa, nakshi, maandishi, paa, sakafu. Weka rula au kalamu kando ya kila kitu kidogo ili ukubwa uonekane. Andika tarehe. Picha hizi zitafanya kazi mara mbili. Leo zinaeleza thamani. Kesho, mtu akibomoa usiku, zinaonyesha kilichokuwapo.

Rekodi wazee sasa. Usingoje faili ikamilike. Muulize kila mmoja peke yake: nani alijenga, nani aliishi, nini kilitokea, nani amezikwa, shughuli gani bado zinafanyika hapo. Andika jina lake kamili, umri na kijiji, kwa idhini yake. Wazee wawili wakitofautiana, andika kauli zote mbili. Usizipatanishe wewe.

Linda siri za mahali. Kaya ina mambo ambayo wazee hawayasemi mbele ya kila mtu, na mahali kama panapofukiwa fingo, yaani kinga ya kaya, hapafai kuwekwa kwenye ramani itakayosomwa na nchi nzima. Sheria inahitaji mpaka wa nje na sababu ya umuhimu. Haihitaji siri zenu. Kubaliana na wazee kwanza kuhusu kinachoandikwa, kisha ndipo ushike kalamu.

Andika sababu katika ukurasa mmoja. Afisa ana mafaili mengine mezani. Jibu maswali matatu: mahali hapa panaonyesha nini ambacho hakionekani kwingine? Ushahidi ni upi? Patapoteza nini pasipolindwa? Acha sifa za jumla kama "mahali pazuri sana pa kihistoria." Badala yake andika kwamba kibla kina nakshi ya matumbawe, kwamba kisima bado kina maji, kwamba maziko ya ukoo fulani hufanyika hapo hadi leo.

Taja hatari kwa jina lake. Mmomonyoko wa bahari, wachimba mawe, ng'ombe, mizizi ya mtini, kiwanja kinachouzwa vipande vipande. Kama kuna ombi la ujenzi lililokwisha kuwasilishwa, weka nakala. Hatari ya karibu huifanya faili yako isomwe mapema.

Fanya baraza na uandike kumbukumbu. Mwalikeni chifu, wazee, vijana, kina mama, majirani wa kiwanja na mwenye mali. Andikeni waliohudhuria, nambari zao za kitambulisho na walichokubaliana. Waliopinga nao waandikwe, pamoja na sababu zao. Kumbukumbu zinazoonyesha watu wote wakikubali kwa sauti moja huzua maswali.

Peleka, kisha fuatilia

Andika ombi kwa sentensi iliyonyooka. Unaweza kutumia hii: "Tunaomba Waziri, baada ya kushauriana na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, autangaze msikiti wa kale ulio katika kiwanja nambari hii kuwa kumbukumbu ya kitaifa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya 2006, na ardhi inayouzunguka, kama inavyoonyeshwa kwenye mchoro, iwe eneo la hifadhi." Badilisha jina la mahali na nambari. Mengine yaache kama yalivyo.

Pitia kwa mhifadhi wa makumbusho yaliyo karibu nawe. NMK ina vituo nje ya Nairobi: Fort Jesus Mombasa, Lamu, Kisumu, Kitale na kwingineko. Mhifadhi wa hapo analijua eneo na anaweza kuja kuona. Faili iliyokwisha kuonwa na mhifadhi hufika makao makuu ikiwa na mtu wa kuitetea.

Peleka nakala zilizofungwa vizuri, na yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Moja iende NMK. Moja iende kwa katibu wa idara inayohusika na turathi. Moja iende kwa kaunti, upande wa mipango ya ujenzi. Yako ibaki na muhuri, tarehe na jina la aliyepokea. Bila muhuri, mwaka ujao utaambiwa hakuna barua.

Omba ukaguzi wa mahali kwa maandishi. Taja tarehe mbili ambazo wazee watakuwapo. Siku hiyo, fyeka njia, lakini usiguse kuta. Usipake rangi, usizibe nyufa, usichimbe chochote ili kupapendezesha. Mtaalamu anahitaji kupaona mahali palivyo.

Ukinyamaziwa, dai habari. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa afisi husika siku 21 za kukujibu. Andika barua fupi: "Faili yetu ya tarehe hii imefikia wapi, na ni nini kinachokosekana?" Siku 21 zikipita kimya, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Ombudsman. Andika kwa heshima, taja tarehe, ambatisha nakala yenye muhuri.

Miezi miwili ya kukaa macho

Soma Gazeti Rasmi kila Ijumaa. Ndiyo siku ambayo toleo la kawaida hutoka. Huna haja ya kulinunua. Matoleo yake yamewekwa mtandaoni bila malipo na Kenya Law. Mchague kijana mmoja, apewe kazi hiyo na data ya simu. Kazi yake ni kutafuta jina la mahali penu, nambari ya kiwanja na jina la kaunti.

Notisi ikitoka, ihakiki siku hiyohiyo. Je, jina limeandikwa sawasawa? Nambari ya kiwanja ni ileile? Ukubwa wa eneo unalingana na mchoro? Ardhi inayozunguka imetajwa, au limetajwa jengo peke yake? Kosa dogo la nambari laweza kuutupa ulinzi wenu kwenye shamba la mtu mwingine. Andika marekebisho mara moja.

Isambaze. Nakala ya notisi hupelekwa kwenye afisi ya utawala ya eneo, ile ambayo wengi bado wanaiita afisi ya DC. Usitegemee watu wataiona huko. Ibandike kwa chifu, sokoni, msikitini, kanisani. Isome kwenye baraza. Mtu aliyeelezwa mapema hupinga kidogo, tena kwa hoja.

Pokea pingamizi kwa utulivu. Jirani akisema mpaka umemeza njia yake ya ng'ombe, nendeni mkaone. Huenda ana haki, na kusogeza mpaka kwa mita chache kutaokoa eneo zima. Pingamizi huwasilishwa kwa Waziri, na nyinyi pia mnaweza kumwandikia mkijibu hoja moja baada ya nyingine.

Je, wewe ndiye mwenye shamba lililoingizwa? Haki ya kupinga ni yako pia. Itumie vizuri. Usiandike tu kwamba hukubali. Andika sehemu gani ya ardhi yako imeguswa, unaitumia kwa nini, na unapendekeza mpaka upite wapi. Kama masharti yatakupunguzia mapato, uliza kuhusu fidia kwa maandishi, ndani ya muda uliotajwa kwenye notisi.

Msisherehekee mapema. Notisi ya kwanza inafungua muda wa kupinga. Baada yake, Waziri anapaswa kuthibitisha au kuondoa. Endeleeni kusoma Gazeti Rasmi mpaka muuone uthibitisho kwa macho yenu. Chukueni nakala zake tatu, mwanasheria au kamishna wa viapo azishuhudie, na ziwekwe mahali patatu tofauti.

Mahali pakishatangazwa, kazi inaendelea

Jifunze masharti. Katika eneo la hifadhi, Waziri anaweza kuzuia au kuwekea mipaka kuingia, kujenga, kulima, kulisha mifugo na shughuli nyingine zinazoweza kuharibu. Muulize mhifadhi: yapi yanatumika kwetu? Yaandike kwa Kiswahili rahisi na uyabandike. Mkulima hawezi kutii sharti ambalo hajawahi kulisikia.

Weka kibao na mtu. Kibao kitaje jina la mahali, nambari ya notisi na mwaka. Mtu awe jirani anayepita hapo kila siku, ajulikane, apewe nambari ya simu ya mhifadhi. Kibao bila mtu huishia kuwa kuni.

Usikarabati kwa saruji. Kuta za matumbawe zilijengwa kwa chokaa, na zinahitaji kupumua. Saruji hufungia unyevu na chumvi ndani, jiwe likaanza kumomonyoka kutoka ndani huku nje likionekana zima. Mtafute fundi anayejua chokaa. Kwa boma la mawe yaliyopangwa bila udongo, kama Thimlich Ohinga, mtafute anayejua kupanga mawe. Usimruhusu mtu aje na mchanganyiko wa kokoto. Na kabla ya kugusa hata jiwe moja, pata idhini ya maandishi.

Ukipata kitu ardhini, simama. Mtu anachimba choo, jembe linagonga mtungi au mifupa. Acha kuchimba, funika kwa turubai, piga picha, andika mahali hasa, kisha ijulishe NMK mara moja. Usingoje wiki ipite. Usikisafishe, usikipeleke nyumbani, usikiuze. Kutafuta vitu vya kale kwa kuchimba kunahitaji leseni, na kuvipeleka nje ya nchi ni hivyohivyo.

Kagua kila baada ya miezi sita. Simama palepale ulipopigia picha za kwanza na upige tena. Linganisha. Ufa umeongezeka? Mtini umeota? Mtu amechota mawe? Ripoti ya ukurasa mmoja, na nakala kwa mhifadhi. Hata cheo cha juu kabisa hakimalizi kazi hii. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, nchini Tanzania, yaliingia Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, na bado mwaka 2004 yalitiwa kwenye orodha ya maeneo yaliyo hatarini. Kuta zilikuwa zikidhoofika. Ilichukua miaka kumi ya ukarabati na usimamizi kuyatoa humo, mwaka 2014.

Mahali pajilipie. Kaya Kinondo, Kaunti ya Kwale, hupokea wageni wanaoongozwa na wenyeji kwa kanuni za wazee: njia hizi, mavazi haya, mti huu hauguswi. Mapato hubaki kwenye jamii. Panga kiingilio kidogo, waongozaji waliofunzwa na daftari la fedha linalosomwa barazani. Kijana anayepata riziki kwa kuitunza kaya hatashawishika kirahisi kuikata.

Tingatinga likitangulia

Huenda unasoma haya ukiwa umechelewa. Vigingi vimekwisha kuchomekwa. Bado una njia.

Uliza karatasi mbili. Kibali cha ujenzi kutoka kaunti, na leseni ya mazingira kutoka NEMA, mamlaka ya kitaifa ya usimamizi wa mazingira, kama mradi ni wa aina inayohitaji tathmini ya athari. Uliza kwa adabu, mbele ya mashahidi, na urekodi jibu. Mwenye mradi asipokuwa nazo, toa ripoti kwa kaunti, NEMA na NMK siku hiyohiyo kwa barua pepe, ili saa na tarehe vibaki.

Hesabu siku 60. Kama leseni ya NEMA ipo na hukubaliani nayo, sheria ya mazingira inatoa muda huo wa kukata rufaa kwenye Baraza la Kitaifa la Mazingira. Ukipita, njia inakuwa nyembamba. Wakazi wa Lamu waliifuata njia hii kupinga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, na mwezi Juni 2019 Baraza likafuta leseni ya mradi huo, likisema umma haukushirikishwa ipasavyo. Kumbukumbu za mikutano, au ukosefu wake, ndizo zilizokuwa na uzito. Kwa hiyo tunza zako.

Nenda kortini kwa ajili ya zuio. Mahakama ya Mazingira na Ardhi inaweza kusimamisha kazi kesi ikisikilizwa. Kifungu cha 70 cha Katiba kinamruhusu mtu yeyote kufungua kesi kuhusu haki ya mazingira safi, bila kuthibitisha kwamba yeye binafsi ameumia. Mwanasheria atakuuliza swali la kwanza: "Una ushahidi gani?" Hapo ndipo faili yenye picha, GPS, kauli za wazee na muhuri wa kupokelewa itakapokusemea.

Msipigane na dereva. Ametumwa. Ugomvi utageuza kesi ya turathi kuwa kesi ya fujo, na mwenye mradi atafurahi. Simameni mbali, rekodini, andikeni nambari ya gari, pigeni simu.

Ukiwa Tanzania

Hatua ni zilezile. Milango ni tofauti. Bara, msingi ni Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na mahali pa kuanzia ni Idara ya Mambo ya Kale chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii. Mwaka unaotumika kama mstari wa majengo ya kale ni 1863, lakini Waziri anaweza kutangaza hata ya baadaye. Zanzibar ina sheria na idara zake. Kwa nyumba iliyo ndani ya Mji Mkongwe, usianze ujenzi wowote kabla ya kupita kwenye Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Search ya ardhi, picha, wazee, mchoro na muhuri vinahitajika pande zote za mpaka.

Wagawie wengine kazi

Faili isiwe ya mtu mmoja. Chagueni wanne: mmoja wa ardhi na ramani, mmoja wa wazee na historia, mmoja wa barua na Gazeti Rasmi, mmoja wa ukaguzi na picha. Angalau wawili wawe chini ya miaka thelathini na tano, kwa sababu kutoka notisi hadi uthibitisho, na kutoka uthibitisho hadi ukarabati, miaka hupita. Kila mwaka, siku moja inayojulikana, kaeni barazani mfungue faili mbele ya watu: nini kimefanyika, nini kimeharibika, nani anachukua nafasi ya aliyechoka.

Na kama hujui uanze wapi, anza na search ya ardhi Jumatatu asubuhi. Ukishajua kiwanja ni cha nani, hatua zinazofuata zitajipanga.